Umeona kwa Macho Yako?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti, maana nakujua, barua unazisoma umesimama jikoni huku sufuria inatokota. Safari hii zima jiko kwanza. Goti linasemaje? Zile dawa unazimeza baada ya kula kama nilivyokuagiza, au unazimeza siku ukizikumbuka? Shemeji msalimie sana, umwambie miwani yake nimeikuta hapa kwangu, chini ya godoro la chumba cha wageni, kwa hiyo aache kuwasingizia wajukuu. Na mwanetu, ambaye hii ni wiki ya pili amekaa hapo kwako hali vizuri wala hasemi, salamu zake nimeziweka mwisho kwa sababu ndizo nzito.

Najua utauliza kwa nini nimehangaika na kalamu wakati simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza. Wewe tangu utoto wetu ukisikia sentensi mbili, ya tatu unaimalizia mwenyewe. Na mimi kwa simu ningepata mwanya wa kukwepa, kama nilivyokwepa juzi.

Juzi ulinipigia ukiwa umefura. Ulisema mtoto ametutia aibu ukoo mzima, kwamba umempa vidonge vyake mbele ya baba yake, kwamba hana shukrani: mama yake mdogo kamshika mkono akamfundisha uuguzi, naye kaenda kummwagia mgonjwa chakula mapafuni. Ukasema Jumatatu kamati ikitaka kumnyang'anya leseni, basi na wamnyang'anye, atajifunza. Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika, dada.

Lakini huwezi kulielewa la mwanetu mpaka nikueleze kwanza kuhusu bosi wangu, yule tuliyempachika jina la Bwana Pembetatu. Niache nimseme kidogo. Nimemsema miezi minane mfululizo na bado sijashiba.

Unakumbuka nilivyokaimu umeneja wa mafunzo ya kliniki kwa miaka miwili. Wewe uliwahi kuniuliza ni kazi gani hiyo, nikakwambia ni kuhakikisha muuguzi mpya na daktari mwanafunzi wanafundishwa kazi palepale kitandani pa mgonjwa, mkono juu ya mkono, na kwamba hakuna anayeachiwa mgonjwa peke yake kabla hajaiva. Miaka miwili nilibeba mzigo huo bila cheo. Cheo kilipotangazwa rasmi, wewe ulishawaambia majirani kabla hata sijaitwa kwenye usaili, na mimi, nisijifanye mnyenyekevu, nilishapima mahali pa kuweka kabati langu kwenye ile ofisi yenye dirisha kubwa.

Kwenye usaili walikaa watu watano nyuma ya chupa tano za maji. Wakaniuliza nitaje stadi anazohitaji kiongozi mwandamizi wa mafunzo hospitalini. Nikawajibu kwamba kiongozi wa mafunzo ni mtu anayeiweza kazi kwa mikono yake, wengine wakamtazama wakajifunza, na hayo mengine ni mapambo. Mmoja akakohoa. Aliyeingia baada yangu, nilikuja kuambiwa, aliomba kalamu, akachora pembetatu ubaoni. Juu akaandika maono, pembe moja mawasiliano, pembe ya pili uwajibikaji, na katikati akamchora mtu asiye na uso. Wakampa kazi.

Na unajua alikotoka? Maabara! Mtu aliyezoea kuikuta damu imeshatulia ndani ya kichupa, imeandikwa jina na tarehe, ndiye aje atuongoze sisi tunaorukiwa nayo usoni. Ni mtu mfupi, mikono ya shati ameifunga vifungo mpaka kwenye viganja hata jua likiwaka vipi, na viatu vyake vinalia kwii, kwii, hivi kwamba wodi nzima inajua anakuja kabla hajafika mlangoni. Anakunywa maji ya moto matupu, hayana majani wala sukari, na anayaita chai. Mtu wa namna hiyo ungemwamini na nini?

Wiki yake ya kwanza alitukusanya ukumbini wasimamizi wote wa mafunzo, tukasimama duara, akatupa bonge la uzi wa sufu tulirushiane. Eti uzi ule ndio ushirikiano. Matroni wetu, na umbo lile unalolijua, alinaswa kiunoni na magotini, ikabidi tumkwamue kwa mkasi wa kukatia plasta. Baada ya hapo zikaja slaidi. Stadi sita za kiongozi. Ya kwanza ilikuwa kusikiliza, na juu ya kusikiliza alizungumza saa mbili bila kumpa mtu nafasi ya kuuliza swali. Ya nne ilikuwa kukasimu madaraka, ambayo kwa ninavyoelewa mimi ni kumtuma mwenzio akafanye usichokiweza. Nilitoka pale nikasonya kwa nguvu mpaka mlinzi wa getini akadhani namsonya yeye.

Sasa nikueleze habari ya kijitabu cha kijani, maana ndicho chanzo cha yote. Kila muuguzi mpya kwetu anapewa kijitabu. Ndani mna stadi thelathini na mbili, kuanzia kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake hadi kuingiza mpira wa kulishia puani kwa mgonjwa asiyeweza kumeza. Kila stadi anatakiwa aifanye mara tatu mbele ya msimamizi wake, na kila mara msimamizi atie sahihi. Sahihi tatu zikikamilika anaachiwa aifanye peke yake.

Siku moja Bwana Pembetatu aliingia ofisini kwangu, kwii, kwii, akiwa na kijitabu cha muuguzi mmoja. Akaweka kidole kwenye sahihi yangu, akaniuliza kwa adabu zake zile za kuudhi: umeona kwa macho yako? Nikasema ndiyo. Akauliza ilikuwa siku gani, kitanda namba ngapi. Dada, nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii. Nimewafundisha watu ambao sasa wanawafundisha watu. Nikamuuliza kama angependa nimletee na mgonjwa aje kutoa ushahidi. Akaandika kitu kwenye kidaftari chake, akashukuru, akatoka.

Kuanzia hapo neno lake likawa kichekesho chetu. Mtu akisema chai imeshapoa, tunamuuliza umeona kwa macho yako? Sista Mrefu wa chumba cha upasuaji akisema mumewe amebadilika siku hizi, tunamuuliza hivyo hivyo. Na mwigizaji mkuu nilikuwa mimi. Navuta shingo ndani, nafunga vifungo vya viganja ambavyo sina, natembea kwii kwii kati ya viti, watu wanavunjika mbavu. Hata wewe nilikuigizia hapo sebuleni kwako, ukacheka mpaka ukashika goti.

Akazidi kunipa mafuta ya kukaangia. Jumanne moja alinifuata akaniomba nimfundishe kuingiza mpira wa puani. Nikamwambia tuna sanamu la mazoezi. Akasema hapana, anataka aingizwe yeye, ajue mgonjwa anavyojisikia. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikamkalisha kwenye kiti, kichwa kaegemeza ukutani, nikamwambia ameze kila nikimwambia meza. Wala sikumhurumia. Machozi yalimtiririka, akapiga chafya, akakamata mikono ya kiti, lakini hakuniambia niache. Mpira ulipofika, akaandika kwenye kidaftari, pua imening'inia mpira, akaniuliza najuaje kwamba umefika tumboni na haukupotea njia. Nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa mimi ujanani: unasukuma hewa kidogo kwa bomba la sindano, unaweka kile chombo cha kusikilizia juu ya tumbo, ukisikia bubujiko basi umefika. Akauliza, je, bubujiko hilo haliwezi kusikika hata mpira ukiwa kifuani? Nikamkata jicho, nikasema masikio yangu hayajawahi kunidanganya.

Wiki mbili baadaye ulitoka waraka wenye sahihi yake. Kusikiliza hewa si uthibitisho tena. Kabla ya kumlisha mgonjwa, muuguzi avute maji kidogo kutoka kwenye mpira, ayadondoshee kwenye kikaratasi cha kupimia asidi. Kikibadilika rangi inavyotakiwa, ni tumboni, alishe. Kisipobadilika, asilishe, picha ya eksirei ipigwe. Kila msimamizi akaletewa boksi la vikaratasi hivyo, na kijitabuni stadi ile ikaandikwa upya. Nikatia sahihi ya kupokea boksi, na siku hiyo chumba cha chai kilipata onyesho la nguvu. Mtu aliyeingizwa mpira mara moja maishani, akalia kama mtoto, ndiye anifundishe mimi!

Hayo yalikuwa mwezi wa tatu. La mwanetu lilitokea mwezi wa tano.

Mgonjwa ni mzee mmoja fundi cherehani, kitanda namba kumi na moja, kiharusi kimemchukua upande mmoja na koo. Mwanetu alikuwa zamu ya asubuhi. Akamwingizia mpira, akasukuma hewa, akasikiliza, akasikia bubujiko, akamlisha. Hakupima kwa kikaratasi. Haikufika nusu saa mzee akaanza kukohoa, midomo ikageuka rangi. Nikwambie hili kwa sababu najua hujaambiwa: mtoto hakukimbia, wala hakuganda. Alifunga mpira, akamwinua mzee akamkalisha, akapiga kelele ya msaada, akamshika mabega mpaka oksijeni ikafika. Picha ilionyesha mpira umelala pafu la kulia. Mzee alikaa siku tisa katika chumba cha mahututi. Sasa anapumua mwenyewe, amerudi wodini, dhaifu sana. Mkono wake mzima unapapasa pindo la shuka muda wote, anatafuta mshono. Mkewe hukaa pembeni amemshikia miwani.

Kamati ikaitwa. Watu watano tena, chupa tano za maji tena, na Bwana Pembetatu akiwa mmoja wao. Wakafungua kijitabu cha mwanetu ukurasa wa kumi na tisa. Mpira wa kulishia, pamoja na kupima kwa kikaratasi. Sahihi tatu, tarehe tatu, zote zangu. Kwa utaratibu sikutakiwa kumsimamia mtoto wa ndugu yangu, lakini nani angethubutu kuniambia hivyo? Hoja yao ilikuwa fupi. Kama sahihi zile ni za kweli, mtoto alifundishwa kupima, aliweza, na siku ile akaamua kutopima. Huo ni uzembe, na uzembe uliokaribia kuua unaondoka na leseni. Kama si za kweli, kosa linaanzia pengine.

Bwana Pembetatu akanigeukia. Hakuinua sauti. Akaniuliza kama niliona kwa macho yangu.

Chumba kizima kilikijua kichekesho kile, dada. Matroni akainamia chupa yake ya maji. Mimi nilimtazama yule mtu na mikono yake ya shati, nikaona ananitafuta, ananitafuta tangu siku aliyonipokonya ofisi, nikamjibu ndiyo, niliona, mara zote tatu. Wakamuuliza mwanetu kama ana la kuongeza. Akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama vile anavyonitazama mezani nyumbani, anaposubiri nianze kula ndipo naye aanze. Kisha akasema hana la kusema. Uamuzi ukawekwa hadi Jumatatu hii.

Sikuona, dada. Sikuona mara tatu, sikuona hata mara moja.

Vijitabu mimi nilikuwa navikusanya kila Ijumaa. Navipanga kwenye meza ya chumba cha chai, natia sahihi mfululizo, huku nazungumza. Sahihi zile tatu za mwanetu nilizitia kwa mkupuo mmoja, nikabuni tarehe, mdomo wangu ukiwa unamwigiza Bwana Pembetatu. Nakumbuka kabisa kwa sababu Sista Mrefu alicheka akapaliwa na chai. Nilikuwa nasema umeona kwa macho yako, umeona kwa macho yako, na mkono unatia sahihi.

Na lile boksi la vikaratasi? Liko kabatini mwangu. Lilikuwepo tangu siku lilipoletwa, nailoni yake haijachanwa. Wodi yangu yote haijawahi kuona kikaratasi hata kimoja. Mtoto alitumia hewa na masikio kwa sababu ndivyo alivyoniona mimi nikifanya, na mimi nilifanya hivyo kwa sababu nilimdharau aliyesema tuache. Mzee yule mpira ulimpotea kifuani, na bubujiko likasikika vizuri sana.

Bado kuna moja, na hili ndilo limenifanya nishindwe kula. Wiki moja kabla ya zile sahihi, mwanetu alinifuata koridoni. Kazini huniita Sista kama wengine, lakini siku hiyo aliteremsha sauti akaniita mama mdogo. Akasema stadi ya mpira hajawahi kuifanya mbele yangu, waraka mpya haujui vizuri, ananiomba nisimame naye hata mara moja. Nikambetulia midomo. Nikamuuliza naye ameanza kuwa kama yule? Nikamwambia damu ya dada yangu haihitaji kusimamiwa kuingiza kampira. Wauguzi wawili waliokuwa wanapita wakacheka. Yeye akacheka pia, kwa adabu, akaondoka.

Wewe umefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Ungesahihisha daftari la mtoto bila kulifungua? Halafu mtoto akifeli ukaenda kumshuhudia kwamba ulimsomesha? Nimemwita yule mtu debe tupu miezi minane, na debe lenyewe ni mimi. Nyani haoni kundule. Nilikuwa naisema methali hiyo juu ya watu wengine tu.

Mtoto amekaa hapo kwako hasemi kwa sababu akisema ukweli ananivua nguo mbele ya mama yake. Anakula vidonge vyako vyote kimya, leseni yake inamtoka mkononi, na ananisitiri. Sijui umemlea vipi. Mimi katika nyumba yangu sikumfundisha hivyo.

Leo asubuhi nililitoa boksi kabatini, nikalipeleka kwenye ile ofisi yenye dirisha kubwa. Nililiweka juu ya meza yake, nikamwambia yote kama nilivyokwambia wewe, hata maigizo yangu ya chumba cha chai. Nilikuwa nangoja anitukane. Kweli, dada, nilitamani anitukane, au anipe slaidi, nipate tena pa kumdharau. Hakufanya lolote katika hayo. Alipitisha ukucha juu ya ile nailoni mpaka mwisho. Akauliza ni vijitabu vingapi vingine nilivyotia sahihi namna hiyo. Nikasema sijui. Akasema basi tutaanza na hapo, kwamba kila muuguzi mwenye sahihi yangu atasimamiwa upya kitandani, na hadi hapo hakuna atakayeingiza mpira peke yake.

Halafu akafungua droo, akatoa karatasi yenye sahihi zetu za kupokea maboksi. Akasema anakumbuka alivyoipokea karatasi hii akafurahi, akaandika kwenye ripoti kwamba vifaa vimefika wodini. Hakuwahi kushuka kuangalia kama yamefunguliwa. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anawauliza watu wote lile swali, na juu ya jambo hili hakujiuliza. Jumatatu atayasema hayo mbele ya kamati kabla yangu, na atajiondoa kwenye kuhukumu. Akanimiminia kikombe cha yale maji yake ya moto. Nikayanywa. Ni mabaya kama nilivyokuwa nadhani.

Usije ukafikiri nimempenda ghafla. Viatu vyake bado vinalia, na akituletea tena bonge la uzi nitaugua siku hiyo. Lakini nilikaa pale mbele yake nikawaza ule usaili, na jibu langu nililolionea fahari, kwamba kiongozi ni mtu anayeiweza kazi na wengine wakamtazama. Nilisahau nusu ya pili, kwamba naye awatazame wao. Yule wa maabara alilijua hilo kabla hajajua mpira unaingilia pua gani.

Maelezo yangu ya kamati nimeshayaandika, kurasa nne, na nakala nimeikunja humu ndani ya bahasha. Jumatatu ninaweza kutoka pale bila cheo cha usimamizi, na huenda bila leseni. Majirani wakikuuliza, waambie ukweli, usinitafutie ugonjwa wa kusingizia. Mkewe fundi nimeomba nionane naye Jumapili alasiri, mumewe akiwa amelala. Sijui nitaanzaje.

Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, mtoto apande basi la Jumapili asubuhi, aje na sare yake imepigwa pasi. Nitampokea mimi stendi. Kamati inamhitaji, na safari hii akiulizwa kama ana la kuongeza, aseme, hata kama ni kunisema. La pili, msamaha usimwombe kwa niaba yangu. Nitamwomba kwa mdomo wangu mwenyewe, nikisimama. Ila wewe, dada, yale maneno uliyompa, nenda kayachukue. Nenda sasa hivi, kabla hujawasha jiko. Wewe ulimwambia kwa kuniamini mimi.

Msalimie shemeji, na wajukuu wote wanaosingiziwa miwani. Goti ulikande kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Na mwanetu, ambaye salamu zake niliziahidi mwanzo, mwambie hivi: mama yako mdogo anasema Jumanne asubuhi, kama wote wawili tutakuwa bado tumeruhusiwa kuingia wodini, atasimama pembeni ya kitanda, boksi likiwa limefunguliwa, na atatazama mpaka mwisho.

Barua hii nimeisoma yote, kuanzia shikamoo hadi hapa, mara tatu. Ndipo naitia sahihi.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeona kwa macho yangu.